Tundu la Bwana Stryker

Katika baadhi ya picha zilizopigwa mashambani Marekani miaka ya 1930 kuna duara jeusi, dogo, lenye kingo safi kama sarafu. Katika moja limening'inia angani mfano wa jua lililozimika. Katika nyingine limekaa juu ya uso wa mtu, na mtu huyo hutamjua tena. Duara hilo ni tundu. Kuna aliyeichukua negativu, akaitia kwenye panchi ya ofisini, akabana. Aliyefanya kazi chumba cha giza anaelewa mara moja kwa nini limetoka jeusi: palipotobolewa hapana cha kuzuia taa, mwanga wote unapita na kuiunguza karatasi.

Wamarekani huziita negativu zilizouawa. Nilipoziona mara ya kwanza moyo uliniuma, maana zangu pia ziliwahi kuuawa. Mwaka 1986 nilikuwa mpiga picha wa gazeti moja Dar es Salaam. Nilirudi kutoka bandarini na mkanda wa picha 36 za makuli wakishusha magunia, kazi ya asubuhi nzima. Mhariri aliulaza mkanda juu ya kioo chenye taa, akaupitia kwa dakika moja, akakata fremu mbili kwa mkasi, zilizobaki akazitupa kwenye pipa. Hakusema zina kosa gani. Hadi leo sijui.

Nilikuwa nimezoea mambo mengine. Kazi niliifunzwa Tanga, kwenye studio ya Ngamiani niliyoingia mwaka 1979 nikiwa na miaka 19, na aliyenifunza alikuwa mzee mmoja tuliyemwita fundi tu. Pale mbele palikuwa na meza ya mbao ambapo wateja walikuja kuchukua picha zao, na kwenye meza ile ndipo hukumu zilipotolewa. Mwanamke angefungua bahasha, angetazama, angemwonyesha dada yake. "Hapa umetoka." "Hii hukutoka, shoga." Sisi Waswahili tunampima mtu kabla ya picha: ametoka au hajatoka. Fundi aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Nilipompelekea picha iliyokuwa imesafishwa vizuri, haina doa, taa imekaa sawa, lakini imekufa, alikuwa akiitazama kwa muda mrefu, kisha anasema, "Mwanangu, huyu mama bado yumo ndani." Halafu anaanza kuuliza. Alipoingia ulimsalimia? Ulimkalisha muda gani kabla ya kupiga? Nani alimwambia ainue kidevu, wewe au yeye mwenyewe? Uliona anavyoushika mkoba? Mwisho wa maswali nilikuwa najua kosa langu bila yeye kulitamka, na mara nyingi halikuwa kwenye kamera kabisa.

Kwa hiyo nilipokuja kusoma habari za Roy Stryker, mtu wa panchi, nilitegemea kumkuta mwenzake yule mhariri wa mkasi. Nilimkuta, kweli. Lakini ndani ya mtu huyohuyo nilimkuta na fundi wangu wa Ngamiani, na hilo limenishughulisha miaka mingi.

Stryker hakuwa mpiga picha. Alizaliwa Kansas mwaka 1893, akakulia Colorado, akaenda Vita Kuu ya Kwanza, kisha akasoma na kufundisha uchumi Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Picha alizianza kwa kuzichagua: mwalimu wake Rexford Tugwell alikuwa akiandika na wenzake kitabu cha uchumi, na Stryker akapewa kazi ya kutafuta picha za kukipamba. Tugwell alipoitwa serikalini na Rais Roosevelt, alimvuta mwanafunzi wake Washington. Mwaka 1935 akamweka juu ya idara ndogo yenye jukumu la kuweka kumbukumbu za wakulima waliovunjwa mgongo na ukame, madeni na kuanguka kwa bei. Taasisi iliyokuwa juu ya idara hiyo mwaka 1937 ikawa Farm Security Administration, na kwa jina hilo ndivyo inavyokumbukwa.

Waliopita mikononi mwake ni watu ambao leo mwanafunzi yeyote wa picha anawajua: Walker Evans, Dorothea Lange, Ben Shahn, Arthur Rothstein, Russell Lee, Marion Post Wolcott, John Vachon, Gordon Parks. Maktaba ya Bunge la Marekani ina negativu zao zipatazo 175,000. Nani kapiga nini, wengi wanajua. Mimi hutafuta zaidi waliambiwa nini baada ya kupiga.

Mpiga picha yuko Oklahoma au Mississippi, wiki kadhaa barabarani, kwenye gari lake. Filamu anazifunga na kuziposti Washington. Huko zinasafishwa, zinachapwa, na nakala zinamfuata alipo ili aziandikie maelezo. Pamoja nazo huja barua za Stryker: hizi zimefika, zile umezifanya vizuri, hapa umepita haraka, ukirudi upande ule tutafutie kitu fulani. Mtu aliyewahi kupiga picha peke yake mbali na nyumbani anajua barua ya namna hiyo ina uzito gani. Ni jicho la pili. Unapiga kitu, hujui kama kimeonekana na mwingine au umekiona peke yako.

Panchi ilikuwa upande wa pili wa ofisi hiyohiyo. Stryker na wasaidizi wake walipochambua mikanda ya milimita 35 walizitoboa zile walizoona hazifai, ili pasiwe na atakayepoteza karatasi na dawa kuzichapa. Nitamtendea haki: fedha ilikuwa ya serikali na picha zilikuwa zinamiminika. Lakini alama ya kalamu kwenye bahasha ingetosha. Ben Shahn, mchoraji aliyetembea na kamera ndogo ya Leica, alipohojiwa mwaka 1964 alisema Stryker alikuwa na udikteta fulani katika kuchambua, kwamba picha zake kadhaa za thamani kubwa ziliharibiwa hivyo, na kwamba wakati ule Stryker alikuwa bado hajaelewa. Wapiga picha walilalamika, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1930 akaacha.

Neno hilo, kwamba alikuwa bado hajaelewa, nalipenda sana. Shahn hakumwita mbaya. Alimwona mtu anayejifunza kutazama, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliomfunza. Shahn huyo ndiye anayesimulia kwamba waliwahi kuwa na picha ya udongo uliomomonyoka mbele yao. Kwa mchumi, picha ile ilikuwa imesema kila kitu: ardhi imekwisha. Shahn akamwambia Stryker kwamba udongo huo hautamgusa mtu yeyote. Kitakachogusa ni kile udongo ulichomfanyia mtoto anayeonekana ana njaa.

Angalia alichokifanya. Hakusema picha ni mbaya, na pengine haikuwa mbaya. Hakuzungumzia mwanga wala mpangilio. Alionyesha pale picha ilipoishia na njia ilipoendelea. Mtu akiambiwa hivyo ana pa kwenda kesho asubuhi. Miaka niliyokaa kwenye meza ya uhariri nimesikia vijana wakiambiwa "haina mvuto", "haina nguvu", "rudia", na nimewaona wakirudia kitu kilekile, kwa sababu maneno hayo hayaelekezi mahali.

Stryker alikuwa na kipaji cha kupokea. Mapema mwaka 1936 alikula chakula cha mchana na Robert Lynd, mwanasosholojia aliyeandika na mkewe Helen kitabu cha Middletown, akamtandazia picha za idara. Lynd akaanza kuuliza juu ya vitu visivyokuwemo. Watu hufanya nini jioni wakiwa nyumbani? Wakienda kanisani huvaaje? Maskini hukutana wapi, na matajiri wapi? Ukutani wanatundika nini? Stryker alirudi ofisini akayaandika hayo yote na kuyagawa kwa wapiga picha wake. Toka hapo orodha za namna hiyo zikawa desturi yake: kabla mtu hajaondoka alipewa vitabu vya kusoma na maswali ya kwenda nayo. Ukosoaji ulianza hata kabla ya kamera kufunguliwa.

Kuna kijana mmoja aliyeingia mwaka 1936 bila kujua kamera, John Vachon. Kazi yake ilikuwa ya utarishi, kunakili maelezo nyuma ya picha na kuzipanga kwenye mafaili. Stryker akamwambia: unapozipanga, kwa nini usizitazame? Vachon akatazama maelfu. Halafu akaomba kamera, akawa anazunguka Washington mwisho wa wiki. Shahn alimpa ushauri, na Walker Evans akamfunza kamera kubwa ya miguu mitatu. Mwaka 1938 alitumwa peke yake Nebraska, na baadaye akawa mpiga picha wa gazeti la Look. Nikimsoma Vachon namkumbuka fundi, aliyenipa mwaka mzima wa kupanga negativu za wateja kwenye maboksi ya viatu kabla sijaruhusiwa kugusa kitufe. Wakati ule niliona ananinyanyasa.

Lakini sehemu ninayoirudia mara nyingi kuliko zote ni ya mwaka 1942. Aliingia ofisini kijana Mweusi wa miaka 29, Gordon Parks, mzaliwa wa Fort Scott, Kansas, kitinda mimba wa watoto 15, amekuja kwa ufadhili wa Mfuko wa Julius Rosenwald. Stryker alimwambia aziache kamera zake ofisini. Atoke, akanunue koti dukani, akale kwenye mkahawa, akaingie sinema, kisha arudi aseme ameona nini. Parks hakuwa amewahi kuishi Washington. Kote alikoingia hakuhudumiwa au alikataliwa kwa rangi yake, katika mji mkuu wa nchi iliyokuwa vitani kwa ajili ya uhuru wa dunia. Alirudi amewaka, anataka kamera, anataka kuwapiga picha wale watu.

Stryker akamwonyesha kwamba haiwezekani. Ukimpiga mwuza duka au mhudumu Mzungu, picha itamwonyesha mwuza duka tu. Ubaguzi haumo usoni mwake, na huwezi kuuandika chini ya picha ukadhani umeonekana. Akamshauri azungumze na watu Weusi wazima, waliokaa mjini hapo maisha yao yote. Ndipo Parks alipomwendea mama aliyekuwa akifagia jengo lao jioni, Ella Watson. Walizungumza kwanza. Mama akamweleza kwamba baba yake aliuawa na umati wa Wazungu, mumewe alipigwa risasi akafa, na yeye anawalea wajukuu kwa mshahara wa dola 1,080 kwa mwaka, baada ya miaka 26 ya kuitumikia serikali. Parks akamsimamisha mbele ya bendera ya taifa, ufagio mkono mmoja, na upande wa pili tambi la kupigia deki.

Hiyo ndiyo picha inayojulikana duniani kote. Parks alipompelekea Stryker, huyu alimwambia kwamba anaanza kuielewa kazi, lakini picha kama hiyo itawafukuzisha kazi wote. Baada ya hapo akasema lililo kubwa zaidi: aendelee na yule mama. Asitafute mwingine, arudi kwake. Parks akarudi. Akamfuata nyumbani, akaingia kanisani kwake, akakaa na wajukuu zake. Miongoni mwa picha hizo kuna moja ambayo mimi naiweka juu ya ile ya bendera. Mama Watson ameketi jikoni na watoto, anaonekana kupitia mlango. Upande wa huku, kwenye kioo cha kabati, anaonekana binti aliyemlea. Hakuna bendera wala ufagio. Ametoka.

Parks mwenyewe baadaye alikiri kwamba ile ya kwanza aliipiga kwa hasira na akapitiliza. Si kawaida ya mpiga picha kuisema hivyo picha iliyompa jina. Nadhani aliweza kwa sababu aliyeipokea mara ya kwanza hakuishangilia wala hakuitoboa; alimpa pa kurudi.

Sitaki nimpambe Stryker kupita kiasi. Vita vilipokolea alianza kuagiza picha za Wamarekani wanaoonekana kweli kuiamini nchi yao, na mtu akishaagiziwa sura, hutazama kidogo. Mkosoaji anayelipwa na serikali ana bwana nyuma yake. Tena yeye na Dorothea Lange hawakuelewana vizuri kamwe. Lange aliishi California, alitaka kusafisha filamu zake mwenyewe; Stryker alitaka kila negativu iwe Washington. Mwaka 1939 alimpunguza kazini.

Kuna ugomvi wao mmoja unaohusu kidole. Mwanzoni mwa mwaka 1936, Lange akirudi nyumbani baada ya safari ndefu, alipita kibao cha kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, akaendelea na safari kiasi cha maili 20, kisha akageuza gari. Alimkuta mama wa miaka 32 chini ya turubai na watoto wake, akampiga picha chache, akaondoka. Moja ikawa Mama Mhamiaji, pengine picha iliyochapishwa kuliko zote za idara ile. Kwenye kona ya chini kulia palikuwa na kidole gumba cha mama kilichoshika mti wa hema, nje ya umakini wa lenzi. Lange alikiona kinaharibu, na mwaka 1939 akaamuru kifutwe kwenye negativu. Stryker hakupendezwa. Kwake picha ilikuwa ushahidi, na ushahidi haupunguzwi vidole. Ukiitazama kwa makini bado unakiona, kivuli hafifu.

Huyo ni mtu aliyekuwa akitoboa negativu za wenzake, sasa anatetea kidole gumba. Wengine wataona anajipinga. Mimi naona ni Shahn alivyosema: alikuwa anaelewa polepole. Na katika hili niko upande wake. Kile kidole kinaonyesha kwamba yule mama alikuwa ameshika kitu, hakukaa tu akisubiri kutazamwa.

Wakati wabobezi hao wakibishana, mwenye kidole hakuulizwa. Lange ameandika kwamba hakumuuliza hata jina. Lilijulikana mwaka 1978: Florence Owens Thompson, mwanamke mwenye asili ya Wacherokee, aliyezaliwa Oklahoma. Alisema anatamani picha ile isingepigwa, na kwamba hakupata hata senti kwayo. Miaka 42 imepita, picha imekwenda kwenye vitabu na stempu zitakuja baadaye, na hapo ndipo maoni yake yalipopata pa kuandikwa. Fundi wangu asingeweza kuishi hivyo. Pale Ngamiani, mama ambaye hakutoka alikuwa anakuja mezani, anaiweka bahasha chini, na anasema mbele ya watu wote. Ulimsikiliza, ukamkalisha tena kwenye kiti, bure.

Mwaka 1943 Stryker aliacha kazi ya serikali. Kabla ya kuondoka alipigana mafaili yasitawanywe, na yakaingia Maktaba ya Bunge, pamoja na negativu zenye matundu. Hakuzichoma, ingawa zinamshitaki.

Mimi nimestaafu sasa na nimerudi Tanga. Jumamosi jioni vijana saba wanakuja barazani kwangu na simu zao. Tunaziweka picha mezani, moja moja, na sharti langu la pekee ni kwamba tukiweza, aliyepigwa naye awepo. Mwezi uliopita msichana mmoja alileta picha ya bibi yake akichoma vitumbua alfajiri, moshi umepanda vizuri, mwanga wa moto umemshika shavuni. Wenzake walisifu moshi. Mmoja akasema uso uko gizani kidogo. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, akaomba simu, akaisogeza mbali na macho, akaitazama sana.

"Mkono wangu uko wapi?" akauliza. "Wa kijiti. Wa kugeuzia."

Tukatazama. Fremu ilikuwa imeukata kwenye kiwiko. Hatukuwa tumeuona, hata mimi.

"Miaka arobaini nageuza kwa mkono huu," akasema. "Hapa nimekaa tu najiotea moto."

Msichana hakujibu kitu. Kesho yake saa kumi na moja kabla jua halijatoka alikwenda tena jikoni. Aliponisimulia alisema bibi alikuwa ameshawasha moto anamsubiri, na amebadilisha kanga.